Chapa ya M: shajara ya nembo yangu, kutoka mgongo wa msasa hadi chuma cha moto

2 Februari

Mgahawa mmoja pale Capri Point, hapa Mwanza, una stuli zangu kumi na mbili. Nilizitengeneza mwaka jana, mninga mtupu, miguu imechomekwa kwenye tundu na kukazwa kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Jana dada mmoja kanipigia simu. Alikaa pale, akazipenda, akamuuliza mhudumu nani kazitengeneza. Jibu: "Fundi mmoja wa huko Igoma."

Sasa Igoma ina mafundi wangapi? Yule dada kazunguka siku mbili na bodaboda. Aliyempa namba yangu ni fundi wa nne kuulizwa, na leo asubuhi kanipigia anadai chake.

Basi naanza kazi ya nembo. Mtaani tunasema logo. Mimi ninachotaka hasa ni chapa, kitu cha kuunguza chini ya kikalio, upana sentimita tatu, mtu akigeuza stuli aone. Halafu hichohicho kikae kwenye picha ya WhatsApp na kwenye muhuri wa risiti. Nitaandika humu kila hatua, maana najijua: bila kuandika, mwezi ujao nitakuwa bado nachorachora.

5 Februari

Nimechora Jiwe la Bismarck. Kila mtu Mwanza akishika penseli anachora Jiwe la Bismarck. Ni kama mkono unalijua wenyewe: mawe yamebebana, maji chini, mstari mmoja wa upeo wa ziwa. Nilijaza migongo ya karatasi tatu za msasa namba 80 kwa penseli ile bapa ya seremala.

Mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo, kaangalia akauliza kama nafungua genge la viazi.

Nikalipunguza jiwe hadi ukubwa wa ukucha, ndio nikaona anachosema. Jiwe kubwa lina kivuli, lina nyufa, lina ndege juu yake. Jiwe la sentimita tatu ni andazi. Na hata lingetoka vizuri, jiji zima linaitwa Jiji la Miamba, kwa hiyo chapa hiyo itamwelekeza mteja Mwanza na si kwangu. Leo nikirudi kutoka Kirumba kwa daladala nilianza kuhesabu vibao vya maduka vyenye jiwe au samaki. Nilipofika kumi na tisa nikaacha, na Mabatini hatujafika. Sangara ndiye anaongoza. Na sangara mwenyewe ni mgeni, kaletwa ziwani miaka ya 1950, lakini kwenye vibao amekaa kama mwenye nyumba.

Mawe nimeyaweka kando. Samaki sikumjaribu kabisa.

9 Februari

Jina langu linaanza na M, la baba linaanza na N. Nimeanza kucheza na herufi hizo.

M peke yake ina kitu. Miguu miwili iliyosimama, na katikati mbao mbili zinashuka na kukutana. Ukiiwekea ubao juu, ni stuli yangu ukiitazama kwa mbele, pamoja na vile vikazio vya chini ninavyoweka ili miguu isitanuke. Niliipata kazini, nikisubiri gundi ikauke. Nilichora mistari mitano tu, kikalio, miguu miwili na vikazio viwili, nikakaa naitazama kwa muda.

Halafu nikaongeza N. M na N zikashirikiana mguu mmoja, ule wa kulia wa M ukawa wa kushoto wa N, ubao mmoja ukafunika zote. Ikawa benchi. Sikujali, kwa sababu jina la baba lazima liwemo. Kwetu mtu hajitambulishi kwa jina moja kama mbuzi.

12 Februari

Jioni nimekaa na laptopu ya mdogo wangu. Ana Inkscape, programu ya bure ya kuchora, haidai leseni wala malipo ya kila mwezi. Kanieleza tofauti ambayo ingefaa niijue tangu mwanzo. Picha ya simu ni vidoti vingi vilivyopangwa, ukiikuza unaanza kuona vigae. Mchoro wa vekta hauhifadhi vidoti. Unahifadhi maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Kompyuta inachora upya kila unapobadilisha ukubwa. Kwa hiyo faili lile lile linaweza kwenda kwenye muhuri au kwenye ukuta wa ghorofa na ukingo ukabaki mkali. Kwa seremala hili halina ugeni. Vidoti ni picha ya kabati. Vekta ni vipimo vya kabati.

Tukapiga picha mgongo wa msasa, tukaingiza, tukaiagiza programu ifuatishe mchoro yenyewe. Ilichukua sekunde mbili, ikatoa kitu kinachofanana na mchoro wangu baada ya kuliwa na mchwa. Ilifuatisha kila kitu: kivuli cha kidole changu, mkwaruzo wa penseli, na ile "80" iliyochapishwa mgongoni mwa msasa, imekaa pale chini ya mguu kama bei.

Mdogo wangu kabofya aone nodi, yaani zile pointi zinazoshika mstari. Zilikuwa 412. Kwa mistari mitano! (Na N yake, sawa, saba.)

Umeme ukakatika tukiwa tunacheka.

13 Februari

Somo la jana nimelirudia mwenyewe. Kuna namna ya kupunguza nodi, Ctrl na L, ukibonyeza mara kadhaa zinapungua lakini na pembe nazo zinalainika hadi miguu inakuwa tambi. Nimefuta yote. Nimeiweka picha ya msasa chini kama tabaka la kwanza, nikaififisha, nikaifunga isisogee, nikachora upya juu yake kwa mkono. Nodi moja moja. Ukingo ulionyooka unahitaji nodi mbili tu, huku na huku. Hakuna cha kushika katikati.

Kilichonitesa ni ncha za miguu, ninazozitaka zitanuke kidogo zikigusa chini, kama miguu ya stuli zenyewe. Hapo ndipo kuna mikunjo. Kila nodi ina vishikio viwili, unavuta kishikio na mstari unapinda kukifuata. Usiku mzima nilikuwa nazidisha nodi nikidhani zikiwa nyingi mkunjo utanyooka vizuri. Ni kinyume chake. Nilikumbuka mafundi wa mitumbwi pale Mwaloni wanavyokunja ubao: wanaushika sehemu chache, ubao wenyewe unatafuta mkunjo wake. Ukiupigilia kila shubiri unatoa mawimbi. Nikafuta nodi za kati, nikabakiza za kwenye ncha za mkunjo, ukatulia.

Mikunjo hii, kanisomea mdogo wangu, inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchorea bodi za magari. Mwenzake wa Citroën, Paul de Casteljau, alikuwa ameshaifikia mwaka 1959, ila kampuni yake ikaifanya siri, jina likaenda kwa Bézier. Nimemwonea huruma huyo wa pili. Namjua kwa karibu.

16 Februari

Leo nimegombana na rula.

Kikalio nilikipa unene wa milimita 10 na miguu milimita 10. Kwenye kioo, kikalio kinaonekana kinene kuliko miguu. Nimepima tena. Sawasawa. Nimemwita jirani fundi viatu, nikamwuliza kipi kinene, akasema cha juu bila kusita. Wachora herufi wanalijua hili siku nyingi: mstari uliolala huonekana mzito kuliko uliosimama hata vikilingana, ndiyo maana kwenye herufi nyingi za kuchapwa mistari ya kulala hupunguzwa. Nimekishusha kikalio hadi 9. Sasa jirani anasema vinalingana, na rula inasema havilingani. Nimemfuata jirani.

Kitu kama hicho kimenitokea kwenye lile duara la picha ya WhatsApp. Niliweka nembo katikati kabisa kwa vipimo, ikaonekana imezama. Nimeipandisha kidogo, ikakaa. Pia duara linakata pembe, kwa hiyo benchi langu refu limelazimika kuwa dogo sana ndani yake ili pembe zisikatwe. Kwenye simu ya mteja litaonekana kama kichana.

Nimeliona hilo, nikalipita. Nilikuwa nimeshachoka na nilitaka kumaliza.

20 Februari

Rangi nimeimaliza kwa dakika tano. Chuma cha moto kina rangi moja, kwa hiyo nembo ina rangi moja. Mwenye steshenari mjini alitaka kunishawishi niweke dhahabu na kivuli, akasema angenifanyia yeye kila kitu kwa shilingi 15,000. Sikumdharau. Carolyn Davidson alilipwa dola 35 mwaka 1971 kwa ile alama ya Nike (mwaka 1983 wakamkumbuka, wakampa hisa). Lakini dhahabu haiunguzwi kwenye mbao.

Muhuri wa mpira umetoka vizuri.

Faili nimetunza la SVG, yaani la vekta, ambalo ndilo mama, na PNG, yaani picha ya vidoti, yenye mandhari wazi kwa ajili ya simu. Angalizo kwa atakayefuata njia hii: ukituma nembo kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kingo zinaota ukungu. Itume kama dokumenti.

24 Februari

Nimepeleka karatasi kwa fundi wa kuchomelea Nyakato. Nimechapisha kwa ukubwa halisi, sentimita tatu, nikambandikia kwenye chuma bapa. Akaniuliza, "Fundi, nifuate kama ilivyo?" Nikamjibu, "Kama ilivyo, usibadilishe hata unywele."

Kakata kwa grenda, kasafisha kwa tupa kwa uvumilivu ambao sikuutarajia, kachomelea fimbo ya nondo nyuma na mpini wa mti. Kazi ya muda wa saa nne. Chuma kilipopoa nikakishika mbele ya macho: MN, safi, wazi, kila aliyepita akasoma na kusifu. Nimelipa, nimeongeza na ya soda.

25 Februari

Jiko la mkaa, kipande cha msonobari, chuma kikawa kijivu cha moto. Nikakandamiza, moshi ukapanda, nikahesabu tatu, nikainua.

Nikaona M. Nikafurahi kabisa, maana M ilikuwa imekaa vizuri. Kisha nikaona iko kulia. Kushoto kwake kulikuwa na N iliyogeuka, ile ya Kirusi.

Chuma kilichosomeka vizuri usoni ndicho kibovu. Muhuri wowote lazima uwe kinyume ili alama iwe sahihi, na kwenye Inkscape kugeuza mchoro ni kubonyeza herufi moja tu, H. Mwenye steshenari kwenye muhuri wa mpira alinigeuzia mwenyewe bila kuniambia, kwa hiyo sikujua kama kuna jambo la kujua. Fundi wa Nyakato aliniuliza. Aliniuliza! Nami nikajibu kibabe.

Nimejaribu kukizungusha chuma juu chini kwa ujinga wa mwisho. N iliyogeuka ukiizungusha inabaki imegeuka.

Kuna jingine baya zaidi ambalo kugeuza hakungelitibu. Pale mistari ilipokutana, yaani pembeni kwenye kikalio na kwenye ncha ya V, mbao imeungua doa. Vile vipembetatu vidogo vya ndani vimejaa weusi. Kwenye kioo cha kompyuta vilikuwa vinapumua.

3 Machi

Baba kaja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki ya macho. Nimempa shikamoo, nimempa kiti, na kabla ya chai nikamwonyesha ubao ulioungua, kwa sababu niliona nimwambie mwenyewe kuliko aambiwe na mdogo wangu.

Kaupeleka karibu na uso, kaukunja mkono, kaupeleka mbali.

"Hii N imelewa," akasema.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akaanza habari za ng'ombe. Babu alikuwa anawapiga chapa, na kazi ya kushika chuma ilikuwa ya baba akiwa kijana. "Ng'wanawane, mistari ikikutana, pale moto unakuwa wa watu wawili. Ngozi inaungua mpaka chini, kidonda kikipona unaona doa, huoni herufi. Sisi tulikuwa tunaacha mwanya. Mstari huu usimguse mwenzake. Jicho litaunganisha lenyewe."

Akachukua penseli yangu, akachora kwenye ukingo wa ubao ule ule: mguu, mwanya, mbao ya kushuka, mwanya, mbao ya pili, mwanya, mguu. Juu yake kikalio kinaelea, hakigusi chochote. Mkono unatetemeka kidogo siku hizi, lakini mianya aliiacha sawasawa.

Alichora M tu. Nikasubiri achore N. Akairudisha penseli.

"Na yako, baba?"

"Mwanya hautoshi. Benchi lako ni refu, chuma ni kidogo. Babu yako alikuwa na watoto kumi na mmoja, ungetaka aandike wote kwenye paja la ng'ombe?" Akaomba chai.

8 Machi

Nimechora upya kwa kufuata ubao wa baba. Vipande vitano, kila kimoja kimesimama peke yake, nodi nne kila kimoja isipokuwa miguu miwili ambayo ina sita kwa ajili ya zile ncha. Jumla 24. Kutoka 412.

Kazi yote ya leo imekuwa upana wa mianya. Milimita moja kwenye karatasi inapendeza sana, inaonekana kama kazi ya mjini. Lakini moto hutembea pembeni. Nilichukua vipande vya chuma bapa, nikavipasha, nikaviunguza viwili viwili kwa umbali tofauti. Kwenye msonobari, mwanya wa milimita moja umefunga kabisa, wa moja na nusu umebaki kama uzi, wa mbili umebaki mwanya. Kwenye mninga, ambao ni mgumu zaidi, moja na nusu ingetosha. Msonobari una tatizo lake jingine: ile mistari laini ya pete huungua haraka kuliko ile migumu, alama inatoka na milia. Nimechagua mbili. Kwenye simu mianya inaonekana mikubwa kuliko ninavyopenda. Potelea mbali, nembo ya mbao ni ya mbao.

Na kwenye duara la WhatsApp, bila N, stuli imekaa katikati na imejaa. Lile nililolipita tarehe 16 limejitatua.

Kitu ambacho sikukipanga: M hii ukiiangalia kwenye kioo ni ile ile. Kushoto kwake ni sawa na kulia kwake. Hata nikisahau tena kubonyeza H, hata fundi afuate "kama ilivyo", chuma hakiwezi kukosea.

Muhuri wa mpira wenye MN nimeubakiza kwa risiti. Karatasi haina moto, na pale jina la baba lina nafasi.

14 Machi

Nimerudi Nyakato kwa fundi yule yule. Nilimwomba radhi kwanza. Vipande vitano amevichomelea kimoja kimoja juu ya bamba, hakuna cha kuchonga katikati, kwa hiyo kazi imekuwa rahisi na bei imeshuka.

Majaribio ishirini na tatu kwenye vipande vya mninga. Chuma kikiwa chekundu ni mapema mno, kinachimba shimo. Kiache wekundu uishe, kisubiri kidogo, kandamiza bila kuyumba, hesabu mbili, inua wima. Ukiinua kwa kuinamisha, kikalio kinaota kivuli. Kusugua kwa msasa laini baadaye kunaondoa ule moshi wa kahawia unaozunguka.

18 Machi

Mdogo wangu anasukuma niisajili. BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndio wanaosajili alama za biashara huku bara, ulinzi wa kwanza ni miaka 7, baada ya hapo unahuisha kwa miaka 10. Fanicha ziko daraja la 20 kwenye ule mpangilio wa kimataifa wa bidhaa unaoitwa Nice. Nimeandika haya ili nisije kusahau. Kwanza nilipe mbao.

29 Machi

Leo asubuhi nimekwenda Capri Point na jiko, mkaa nusu ndoo na chuma changu. Meneja aliniruhusu nifanye kazi uani kabla wateja hawajaanza kuingia. Nikazipanga stuli zote kumi na mbili miguu juu kwenye majani, ziwa liko pale chini, mfagiaji kaacha ufagio anatazama.

Ya kwanza, moja, mbili, inua. M imesimama, kikalio kinaelea juu yake. Ya pili. Ya tatu imetoka nyepesi kidogo upande mmoja, sikuirudia, ukirudia unapata mbili. Nikaenda hivyo hivyo hadi ya nane, chuma nikakirudisha jikoni, nikaanza tena.

Ya kumi na mbili nimeigeuza nikaona vichwa vinne vya misumari, vimefunikwa kwa vumbi la mbao na gundi. Nikairudisha upande wake. Rangi ile ile, mtanuko wa miguu ule ule. Nilikuwa nimeibeba mwenyewe kutoka ndani na sikuitambua.

Nikamwita meneja. Akainama, akakumbuka. "Aa, moja ilivunjika mguu Desemba. Tukampa fundi mwingine aifananishe. Wewe tulikutafuta, hatukujua tukupate wapi."

Nikachapa kumi na moja. Ile nyingine nikaigeuza miguu chini, nikaikalia kidogo nikisubiri chuma kipoe. Haichezi.